Je, ni dhambi kumnyima anayeomba?

"Mchungaji, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Gungu hapa Kigoma, nafanya biashara ya dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi, naanika, napakia magunia kwenda Tabora na Dar es Salaam. Tangu niokoke nimelishika neno la Yesu, 'Mpe kila akuombaye', na nimejitahidi kulitii. Ndugu wakija kutoka Kasulu wanaondoka na nauli na chochote mkononi. Kanisani sijawahi kukosa kwenye ujenzi. Ombaomba wa sokoni wananijua kwa jina. Lakini sasa nimefika mwisho. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024 nilichukua mkopo wa laki sita, hii mikopo inayoitwa kausha damu, na kusema kweli sehemu yake niliwapa watu kwa sababu niliona aibu kusema sina. Deni limezaa, bado nalilipa. Mume wangu hajui. Nilijiambia mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Vibarua wanaonianikia nawalipa mzigo ukishauzwa, wakati mwingine wiki tatu zinapita. Mama yangu Kasulu ana presha na dawa zinamkatikia. Kuna pia jirani yangu mjane, Mwislamu, analea wajukuu watatu. Nilimpa dagaa kwa mali kauli, akashindwa kulipa elfu arobaini, sasa akiniona anapita njia nyingine. Nikaomba mfuko wa akina mama kanisani umsaidie, wakasema si muumini wetu. Mzee mmoja akaniambia niache kujisumbua, Yesu mwenyewe alisema maskini tutakuwa nao siku zote, na asiyefanya kazi asile. Je, Yesu alitaka tutoe mpaka tuishiwe? Nikimnyima anayeomba nimetenda dhambi? Siku hizi nikisikia mtu anapiga hodi, moyo unaruka."

Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na sentensi iliyonishika si ile ya deni, ni ile ya mwisho. Mtu aliyeanza kutoa kwa upendo sasa anaogopa hodi. Hapo ujue kuna kitu kimekwenda kombo, na hakikuanzia kwa Yesu.

Nikujibu kwanza kwa kifupi. Yesu hakukuamuru ukope kwa riba ili umpe anayeomba. Kumwambia mtu "leo sina", wakati kweli huna, si dhambi. Lakini kuna kunyima ambako ni dhambi, na barua yako ina mfano wake. Umeutaja kama jambo la kupita tu, katikati ya mengine, wala hukuuliza swali juu yake. Nitaufikia.

Tuanze na aya yenyewe. "Mpe kila akuombaye" iko Luka 6:30, katikati ya mafundisho ya kuwapenda adui na kukopesha bila kutumaini kupata faida. Mathayo 5:42 analiweka neno hilo hilo hivi: "Akuombaye, mpe, naye atakaye kukopa kwako, usimpe kisogo." Angalia kwamba kuomba na kukopa vimewekwa pamoja. Watu waliomsikiliza Yesu Galilaya walikuwa wakulima wadogo, wavuvi na vibarua. Kodi ilikuwa juu yao, na mvua ikikataa mwaka mmoja, mtu alikopa mbegu au nafaka ili avuke. Akishindwa kulipa, shamba lilikwenda. Shamba likishakwenda, alibaki kusimama sokoni asubuhi akisubiri mtu amwite kibarua. Kutoka hapo kwenda kuomba ni hatua moja tu.

Torati ilijua mteremko huo. Kumbukumbu la Torati 15 liliagiza madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Tena likaonya, aya ya 9, dhidi ya mwenye mali anayepiga hesabu kwamba mwaka wa saba uko karibu, basi afadhali asimkopeshe nduguye. Kwa hiyo Yesu anaposema usimpe kisogo, anasema na mtu mwenye uwezo wa kumzuia jirani asiteleze hatua ile ya mwisho, naye anatafuta sababu ya kuangalia upande mwingine. Hakuwa akimwambia mama mwenye deni la kausha damu azidi kulinenepesha.

Nakuomba lakini usinielewe kwamba nimeilainisha aya. Sisi watu wa kanisa tuna ufundi mkubwa wa kulifafanua neno gumu la Yesu mpaka lisitudai kitu. Aya hii bado inadai. Inataka kila anayekujia umwangalie usoni, umsikilize, na kile ulicho nacho kweli kisifungiwe. Haisemi kwamba kiasi anachokitaja yeye ndicho lazima utoe.

Ushahidi ni Yesu mwenyewe. Kapernaumu, watu walipozidi kumiminika, Petro alimfuata faraghani alikokwenda kusali alfajiri akamwambia watu wote wanakutafuta. Jibu lake, Marko 1:38, lilikuwa kwamba waende vijiji vingine. Hakurudi asubuhi ile. Kule nyuma bila shaka walibaki watu wenye shida. Mara nyingine mtu alimwomba amwamuru ndugu yake agawane naye urithi, akakataa waziwazi, Luka 12:14. Na kipofu Bartimayo alipoletwa mbele yake, hakukisia kwamba anataka sarafu, alimuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Baadaye Petro na Yohana walikutana na kiwete mlangoni pa hekalu akiomba sadaka. Petro alimwambia hana fedha wala dhahabu, akampa alichokuwa nacho, na kabla ya hapo alimkazia macho na kumwambia awatazame. Huyo hakupata alichoomba, lakini hakuna aliyempa kisogo.

Mtume Paulo aliandika jambo hilo kwa lugha ya mhasibu, naye alikuwa akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kubana mikono ya watu. Katika 2 Wakorintho 8:12 anasema kutoa hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo". Na aya inayofuata anaongeza kwamba hakusudii wengine wapate raha na wao wapate dhiki. Laki sita ya mkopeshaji haikuwa yako. Ulipoigawa, ulitoa usicho nacho, na watoto wako wanne ndio wanaolipa riba.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Umeandika kwamba vibarua wanaokuanikia dagaa unawalipa mzigo ukishauzwa, wiki tatu zinapita. Nimezunguka mialo ya ziwa hili nawajua kina mama hao: wanainama juani kutandaza, kugeuza, kukusanya mvua ikitishia. Jioni wanarudi nyumbani kununua unga. Ukiwacheleweshea wiki tatu, unafikiri wanaishi na nini? Wanakopa dukani, au kwa mkopeshaji yule yule anayekukausha wewe. Kwa maneno mengine, wao ndio wanaokukopesha mtaji bila riba, nao ni maskini kuliko wewe. Halafu fedha hiyo hiyo unawapa ombaomba na wajumbe wa ujenzi.

Najua hukukusudia. Najua pia biashara ya dagaa inavyokwenda: mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi haiendi, mzigo ukifika Dar mnunuzi anakuzungusha, na karibu kila mchuuzi mwaloni anafanya kama wewe. Lakini katika Maandiko hili haliwekwi kwenye fungu la sadaka, liko kwenye fungu la haki. Kumbukumbu la Torati 24 linaagiza kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa moyo wake umetegemea ujira huo. Yesu aliposimulia habari ya mwenye shamba la mizabibu, Mathayo 20, mengi katika simulizi hilo yaliwashangaza wasikilizaji, hasa wale wa saa kumi na moja kulipwa dinari nzima. Kitu kimoja hakikumshangaza mtu: ilipofika jioni, msimamizi aliagizwa awaite wakulima awalipe. Na Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana.

Kwa hiyo ukiniuliza ni maskini yupi Yesu anakuelekeza kwake kwanza, nitakujibu: yule ambaye tayari unamdai au anakudai. Sadaka inakuja baada ya hapo. Zakayo aliposimama mbele ya Yesu pale Yeriko alisema mambo mawili, nusu ya mali kwa maskini, na kama amemnyang'anya mtu, anamrudishia mara nne. Sisi wahubiri tunaipenda ile nusu ya kwanza. Ile ya pili ndiyo iliyowagusa majirani zake, maana walikuwa wakijuana majina. Zingatia pia kwamba Yesu hakumwambia Zakayo auze vyote, ingawa sura moja nyuma, Luka 18, alimwambia hivyo yule mkuu tajiri. Hana kiwango kimoja anachomkata kila mtu. Anagusa pale mali ilipomshika mhusika. Kwako, naona kilichokushika si uroho wa mali. Ni aibu ya kuonekana huna.

Mama yako. Hapa sihitaji maneno mengi, soma Marko 7:9-13. Kulikuwa na watu waliotangaza mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, hivyo baba na mama wasiweze kuigusa. Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Mchango wa ujenzi ni mzuri, nami nimechangisha mingi. Lakini bati la kanisa halitangulii dawa za presha za mzazi. Mwambie mhasibu wa kamati kwamba kwa sasa unasimama, na akikusomea habari ya mjane wa senti mbili, msikilize kwa adabu kisha mwambie afungue Marko 12 asome kuanzia aya ya 38. Kabla tu ya mjane huyo kuingia, Yesu alikuwa amewakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Na mara baada ya hapo, mlango wa 13 ukianza, anasema hekalu lile halitabaki jiwe juu ya jiwe. Wafafanuzi wa Biblia hawaoni sawa: wengine husema anamsifu mjane kwa moyo wake, wengine husema anaomboleza kuona mjane amebaki bila kitu mbele ya taasisi iliyopaswa kumtunza. Mimi naona yote mawili yamo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na huyo mama alikuwa na moyo. Ila sioni popote Yesu akimwagiza mjane yeyote atoe riziki yake yote.

Kuhusu mkono wa kushoto. Mathayo 6 inawasema wanaopiga baragumu katika masinagogi na njiani ili watukuzwe na watu. Yesu anaikataa sadaka ya maonyesho. Hakuwa akimfundisha mke kumficha mume deni la nyumba, wala mume kumficha mke. Siri ya sadaka ni kwa ajili ya watazamaji wa nje. Mumewe mtu si mtazamaji. Likija kuvunjwa dirisha na wadai, litavunjwa lake pia. Mweleze, tena mapema. Kama unaogopa atakasirika, ana haki ya kukasirika kidogo. Kama unaogopa atakupiga, hilo ni jambo jingine, usiende peke yako, na nitalisemea mwishoni.

Sasa yule mzee wako. Mwamkie, mheshimu, lakini aya aliyoitumia ameikata katikati. Yesu alikuwa Bethania mezani kwa Simoni mkoma, mwanamke akammiminia marhamu ya thamani, na watu wakanung'unika kwamba ingeuzwa kwa zaidi ya dinari 300 wakapewa maskini. Ndipo akasema sikuzote mnao maskini pamoja nanyi, na hapo hapo akaongeza, "na kila mpendapo mwaweza kuwatendea mema". Wasikilizaji wake walijua maneno hayo yanatoka wapi: ni Kumbukumbu la Torati 15:11, ambapo Mungu anasema maskini hawatakoma katika nchi, na kwa sababu hiyo hiyo anaamuru mkono ufumbuliwe. Mzee amechukua sababu ya kutoa akaifanya sababu ya kutokutoa. Yohana, akisimulia tukio hilo, anatuambia hata aliyelalamika alikuwa nani, Yuda, na kwamba alikuwa mwizi wa mfuko. Tena katika sura ya 13, Yuda alipotoka usiku ule, baadhi ya wanafunzi walidhani ametumwa awape maskini kitu. Hilo linaonyesha kundi la Yesu, lenyewe likiishi kwa misaada ya watu kama Yoana na Susana, lilikuwa na desturi ya kutoa kutoka mfuko wa pamoja.

Na "asiyefanya kazi asile" hakuyasema Yesu. Ni Paulo, 2 Wathesalonike 3:10, akiwasema watu waliokuwa na nguvu wakaamua wenyewe kukaa bure na kujishughulisha na mambo ya wengine. Mjane anayelea wajukuu watatu hayumo humo. Malezi yenyewe ni kazi kutwa. Wakati tuko hapo, lile neno "jisaidie nami nitakusaidia" ambalo watu wetu hulitaja kama andiko, utalitafuta kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo usilione.

Kuna jambo katika habari ya Lazaro na tajiri, Luka 16, ambalo huwa nawauliza wanafunzi: Lazaro alikuwa mtu mwema? Wote husema ndiyo. Kisha tunasoma, na hakuna mahali palipoandikwa. Hatuambiwi alikuwa mwaminifu, wala mchapakazi, wala jinsi alivyofilisika. Tunaambiwa jina lake, vidonda vyake, njaa yake na mahali alipolala, mlangoni. Tajiri naye hatuambiwi kwamba alimfukuza au alimwibia. Alipita tu. Yesu hakumdai maskini cheti cha tabia njema kabla hajahurumiwa, na kina sisi tunaokaa kwenye kamati za misaada tukipembua nani anastahili, tuisome sura hiyo kabla ya kikao.

Ndiyo maana naumia kusikia mfuko wa akina mama ulivyomjibu jirani yako. Wana haki ya kusema mfuko ni mdogo. Wana haki hata ya kuwatanguliza wanachama wanaouchangia, ndivyo vikundi vinavyoishi. Lakini wasilitaje jina la Yesu kwenye sababu ya "si muumini wetu". Mwanasheria alipomuuliza jirani yangu ni nani, alisimuliwa habari ya Msamaria, mtu wa dini nyingine, ndiye aliyefanya lililo sawa, wakati kuhani na Mlawi walipita kando. Na Yesu akamrudishia swali likiwa limegeuzwa: nani alikuwa jirani yake yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi? Mkoa wetu hauhitaji kufundishwa habari hii kwa mbali. Ujiji Mkristo na Mwislamu wanazikana. Na tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe Kasulu mwaka 1996, watu wa hapa wamejua kwa macho yao maana ya "nalikuwa mgeni" ya Mathayo 25.

Lakini mwangalie huyo Msamaria kwa jicho la mfanyabiashara. Alitumia alichokuwa nacho safarini: mafuta, divai, mnyama wake. Alimpeleka nyumba ya wageni, akamtunza, kesho yake akatoa dinari mbili, yaani ujira wa kibarua wa siku mbili. Akamkabidhi kwa mtu mwenye kazi hiyo, akaahidi kupitia tena, akaendelea na safari yake. Hakuuza punda. Hakumchukua nyumbani kwake maisha yote. Mtumbwi mmoja haubebi mwalo mzima, na huyu alilijua hilo, akamshirikisha mwenye nyumba ya wageni. Kilichomfanya awe jirani si ukubwa wa fedha, ni kwamba alisimama, na kwamba aliahidi kurudi.

Kwa jirani yako, basi, ningeanza na ile elfu arobaini. Una njia mbili na zote ni za haki. Ya kwanza ni kumsamehe. Ukichagua hiyo, nenda mwenyewe mchana, kaa, ongea kwanza mengine, kisha mwambie waziwazi deni limekwisha na umelifuta kwenye daftari. Usimtume mtoto, usimwambie shoga yako, na asilipe kwa kukusifu. Ya pili ni kumpa muda, alipe elfu mbili mbili anavyoweza, kwa sababu wapo watu ambao kusamehewa kunawaumiza kuliko kulipa. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu. Muulize kama Bartimayo alivyoulizwa. Ila sikushauri kuacha mambo yalivyo. Huyo mama kwa sasa amekosa elfu arobaini na amekosa jirani pia. Na kama bado ana nguvu, huenda kumpa kazi ya kuanika kwa malipo ya jioni kukamfaa kuliko gunia jingine la mali kauli. Mali kauli humtwika maskini hatari yote ya soko.

Ombaomba wa sokoni na ndugu wa Kasulu. Hapa kila njia ina gharama yake. Ukitoa sarafu ovyo, nyingine zitaishia kwenye pombe. Hilo lisikukoseshe usingizi sana, maana Yesu hakukuweka kuwa mkaguzi. Anapokuwa mtoto wa shule ndiye anayeomba saa za masomo, sarafu inaweza kuwa ndiyo inayomweka hapo. Mpe chakula ale mbele yako, na ujue anatoka kwa nani. Ukiamua usitoe kabisa barabarani, utaokoa fedha lakini moyo huota sugu haraka kuliko tunavyodhani. Mimi napendelea njia ya Walawi 19:9, ambapo mwenye shamba aliagizwa asivune mpaka pembeni, asaze kwa ajili ya maskini na mgeni. Sehemu ya kusazwa ilijulikana kabla ya mavuno. Nawe kila ukiuza mzigo, mkiwa wawili na mumeo, ukishalipa vibarua na rejesho, tengeni fungu la kusaza, hata liwe dogo kiasi gani. Likiwepo, unatoa bila kuuliza mara mbili. Likiisha, unasema "ndugu yangu, safari hii sina", na unakuwa unasema kweli. Dagaa pia ni sadaka, na ugali upo. Nauli ya kila mgeni siyo amri ya Mungu, ni mazoea mliyoyajenga, na ndugu wataguna mwezi mmoja au miwili kisha watazoea mengine.

Yapo yasiyoweza kumalizwa na jibu la maandishi. La kwanza ni mkopo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Chukua karatasi zote ulizosaini, pamoja na mumeo, mwende nazo kwa afisa biashara au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, mwombe aangalie mkopeshaji huyo ni halali au la na deni halisi lililobaki ni kiasi gani. Usichukue mkopo mwingine kuuziba huo. Ukiwa hapo, ulizia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo haina riba na hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kina mama wa kuanika mnaweza kuwa kikundi. Wakopeshaji wakikutishia kuchukua vyombo vyako kwa nguvu, hilo ni la serikali ya mtaa na polisi, siyo la kuombewa tu.

Mama yako aende kituo cha afya wiki hii. Dawa za presha hazinywewi kwa kuruka. Kama amefikisha miaka 60 na hana uwezo, sera inamruhusu kutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, na wengi hukwama kwa kukosa utambulisho wa mzee tu. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji na afisa ustawi wa jamii ndio wa kuanza nao. Afisa huyo huyo wa kwenu amfahamu jirani yako na wajukuu wake, na mwenyekiti wa mtaa amweleze kama upo mkutano wa kutambua kaya za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na utafanyika lini, maana kaya hutajwa mkutanoni na asiyehudhuria husahauliwa.

Kuhusu mumeo, kama kuna hofu ya kipigo, pitia dawati la jinsia la polisi au mzee wa kanisa unayemwamini kabla hujaongea naye. Kama hakuna hofu hiyo, ongea naye usiku huu watoto wakilala. Na ule moyo kuruka ukiendelea hata baada ya deni kuanza kupungua, ukikosa usingizi au hamu ya kula, mwone daktari, kisha njoo tukae na mchungaji wako au nami ana kwa ana. Vibarua lakini wasisubiri hayo yote. Mzigo ulio juani leo, walipwe jioni hii, hata kama ni nusu, na nusu nyingine uwatajie siku.